Mguu wa Kulia wa Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na tisa mguu wake wa kulia umefanya kazi moja tu: kukanyaga pedali ya cherehani ya umeme. Akikanyaga, sindano inakimbia. Akiinua, inasimama. Ukimpa habari ya kushtua wakati anashona, kwa mfano kwamba mtoto wa jirani amemeza kifungo, mguu unapanda wenyewe, mshono unasimama, ndipo anauliza kifungo gani, maana kama ni cha sare anacho cha akiba.

Nimeanza na mguu kwa sababu shida yote ilianzia hapo.

Shangazi huishonea hospitali kubwa magauni ya chumba cha upasuaji, yale ya kijani yanayofungwa kwa nyuma. Kila Jumatatu furushi linatakiwa liwe limefika stoo kabla ya saa mbili asubuhi. Alikuwa akimpa mwendesha bodaboda mmoja. Mara ya kwanza mtu huyo alichelewa kwa sababu ya mvua. Mara ya pili alipita kwanza kwa shemeji yake kunywa chai. Bwana stoo akapiga simu.

"Mama, leo daktari bingwa amepasua watu akiwa na gauni la kuazima. Limemwishia kiunoni. Ikitokea mara ya tatu, kazi naipeleka kwa fundi mwingine."

Shangazi alikata simu, akamalizia pindo, akasema, "Nitapeleka mwenyewe."

Pikipiki ilikuwepo. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, aliinunua zamani, akaiendesha siku moja, akaiegemeza ukutani na kuanza kuanikia taulo. Leseni Shangazi alishapata. Mtihani wake ulikuwa kuzunguka mapipa manne kwenye kiwanja kitupu, na mapipa hayana honi. Lakini kati ya kwetu na hospitali kuna mzunguko wa barabara nne. Kila asubuhi malori, mabasi na mikokoteni hukutana hapo, na kila mmoja anaamini yeye ndiye aliyetangulia.

Jirani mwenye gari alikubali kumpelekea furushi kwa wiki nne. Baada ya hapo alikuwa anahama. Kwa hiyo Shangazi alikuwa na wiki nne.

Mwalimu wake alikuwa fundi pikipiki wa mtaani kwetu, tunayemwita Spana, mtu ambaye sijawahi kuona meno yake. Jumapili ya kwanza tulikwenda kwenye uwanja wa shule yetu. Baba naye alikuja, kutoa ushauri.

"Dada, taratibu. Mwenda pole hajikwai."

"Huyo alikuwa anakwenda kwa miguu," Spana akasema. "Kwenye pikipiki mwenda pole ndiye anayeanguka."

Shangazi aliondoka vizuri. Gia ya kwanza, gia ya pili. Kisha mbuzi akakatiza. Mguu wa kulia, uliotakiwa kukanyaga breki, ukapanda juu. Mkono wa kulia, uliozoea kudaka gurudumu la cherehani, ukadaka kilichokuwepo, yaani mpini wa mafuta. Pikipiki ikaongeza mwendo. Mbuzi alikuwa na akili, akakimbia. Shangazi akapita katikati ya kamba ya nguo ya mlinzi wa shule, akatokea upande wa pili na shati la kazi la mlinzi usoni, akalala kwenye nyasi pamoja na pikipiki.

Tukamkimbilia. Tulimkuta ameketi, analigeuza shati ndani nje.

"Shangazi, umeumia?"

"Nani alimshonea huyu? Kwapani wamepitisha uzi mara moja tu, kama wanafunga gunia."

"Mama, hilo shati lilikuwa safi," mlinzi akalalamika.

"Safi ndiyo. Zima, hapana. Kesho uje ulichukue."

Spana aliinua pikipiki. "Mbona umeinua mguu?"

"Nilitaka isimame."

Spana akautazama ule mguu. "Umeshona miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Basi tuna kazi," akasema, akaenda kunyoosha kioo cha pembeni.

Usiku ule nilidhani ataacha. Sikuwa namjua shangazi yangu vizuri.

"Nguo hukati moja kwa moja kwenye kitambaa cha mtu," aliniambia. "Unaanza na karatasi."

Jumamosi alikwenda kwenye mzunguko kwa miguu, akasimama pembeni saa nzima akiuchora kwenye daftari la vipimo vya wateja. Mpaka leo uko pale, kati ya kifua cha mwalimu mkuu na mabega ya mama mwenye duka. Jumapili alikuja uwanjani na tepu ya kupimia na chaki ya fundi, akauchora wote kwenye sakafu ya gwaride, barabara zote nne. Nje ya kila mstari akachora mstari wa pili.

"Huu wa nini?" Spana akauliza.

"Nafasi ya mshono. Nikikosea kidogo, pawe na pa kurekebishia."

Spana alitikisa kichwa, lakini kwa kukubali.

Mimi nilikuwa lori. Mlinzi, kwenye shati lililoshonwa upya, alikuwa mkokoteni. Baba alikuwa basi, na alijitahidi sana, mpaka alikuwa anashusha abiria. Tukimkatiza ghafla, Shangazi anatakiwa akanyage. Nilihesabu. Siku ile tulimkatiza mara ishirini, akakanyaga mara tatu. Mara nyingine zote basi liliruka pembeni likitukana.

Nyumbani alipigilia kipande cha ubao sakafuni, kando ya pedali. Kila akitaka kusimamisha mshono, mguu unahama kwenye pedali, unakanyaga ubao, na mdomo unasema, "Breki." Mteja mmoja aliyekuwa anapimwa kiuno alidhani anaambiwa apunguze kula. Alipunguza.

Jumapili ya tatu alikanyaga mara kumi na nane. Spana akampeleka kwenye vichochoro, kisha Jumapili ya nne, alfajiri, kwenye mzunguko wenyewe ukiwa mtupu. Aliuzunguka mara kumi na moja. Askari wa barabarani akamsimamisha.

"Mama, umepotea?"

"Hapana. Najaribisha kama inanikaa."

Kesho yake ikawa Jumatatu. Mimi na Baba tulisimama kituoni, karibu na mzunguko. Shangazi akatokea, furushi la kijani limefungwa nyuma, mgongo umenyooka kama yuko kwenye kiti chake cha kazi. Akaingia. Akapita lori la kwanza. Akapita basi. Halafu mkokoteni wenye magodoro ukachomoka kutoka kusikojulikana, mbele yake kabisa.

Niliangalia mguu wa kulia. Ulianza kupanda. Ukakanyaga.

Pikipiki ikasimama, na injini ikazimika. Nyuma yake honi zikaanza zote kwa pamoja. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani.

"Mama! Vipi hapo?"

"Uzi umekatika," Shangazi akajibu bila kugeuka. "Subiri nitunge."

Akarudisha gia, akawasha, akaangalia pande zote mbili, akaondoka. Nilishindwa kumpungia kwa sababu nilisikia maumivu. Nikatazama chini. Baba naye alikuwa amekanyaga breki, juu ya kiatu changu.

Bwana stoo aliandika kwenye daftari lake kwamba furushi limefika saa moja na dakika arobaini na saba. Kazi ikabaki kwa Shangazi, na kila Jumatatu anaipeleka mwenyewe.

Kuna tatizo moja dogo. Wiki iliyofuata alikuwa anapunguza suruali ya Baba, mkasi ukaanguka kwa kishindo. Mguu ukakanyaga kama ulivyofundishwa, ila bila kwanza kuhamia kwenye ubao. Sindano ikakimbia mpaka mwisho wa kitambaa.

"Dada," Baba akasema alipojaribu kuivaa, "huku mguu hauna pa kutokea."

Shangazi akachukua wembe, akaanza kufumua. Siku hizi amebandika karatasi ukutani, juu ya cherehani: MWENYE HABARI ZA KUSHTUA ASUBIRI MPAKA NIWE KWENYE PIKIPIKI.