Kiti ya Ngozi Yenye Ilikamuliwa Mushaki

Mutacheka, najua. Hata bibi yangu anachekaka. Lakini mimi sikusoma sana, sina akili ya kutunga uongo murefu namna hii. Niliiona na haya macho, mu ukungu ya Mushaki, tena mu saa za muchana. Na kama munatafuta wenye makosa, majina ninayo: wa kwanza Papa Anakle, wa pili Jerve wa garaji.

Papa Anakle alikuwa mufanyabiashara wa Sake, patron yangu. Kisha uhuru kuingia, muzungu mumoja wa ferme, ile shamba ya ng'ombe ya Mushaki, alikimbia akaacha motokari yake. Papa Anakle njo aliipata; namna gani, musiniulize mimi. Ndani, viti yote ilikuwa ya ngozi, nyekundu kama maharagi ya kukauka. Ile ya nyuma, muzungu aliishonesha upya na ngozi ya ng'ombe ya pale pale ku ferme. Vitu ya heshima! Lakini patron aliiacha inje, vitre za madirisha wazi, mvua inaingia, kuku wanalala ndani. Ngozi ikaota kuvu nyeupe, ikaanza kupasuka.

Siku moja akaniita. "Mimi natangulia Masisi. Kesho kutwa unaleta motokari kule, tumupeleke Administratere wa serikali mpaka Walikale. Viti iking'ara kama viatu ya padri, wewe njo shofere yangu kabisa. Isipong'ara, rudia maharagi ya mama yako."

"Papa, ngozi iko na dawa yake, ile ya mu kopo."

"Dawa? Mimi niko hospitali?"

Munasikia muntu ule? Nilikuwa nimechoka jembe, ndugu zangu. Mugongo yangu ilikuwa inalia. Ile kazi ya shofere niliitaka kuliko kula.

Nikaenda kwa Jerve, makanisie, fundi wa motokari. Akanipa siraji nyeusi ya kung'arishia viatu.

"Pakaa hii, kaka."

"Na suruali nyeupe ya Administratere?"

"Itakuwa nyeusi. Si njo rangi ya heshima?" Akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akatoa lile neno lililoniharibia maisha: "Lakini ngozi ni ng'ombe, kaka. Fanya kama watu wa ng'ombe."

Basi nikafanya. Nikapanguza kuvu na kitambaa chenye sabuni kidogo, nimekikamua vizuri, maana ngozi haipendi kunywa maji. Nikakausha ku kivuli, maana jua linapasua ngozi. Kisha nikaleta siagi ya ng'ombe, nikaisugua na kidole mu kila ufa, pole pole, mpaka ngozi ikakunywa yote. Mwisho nikachoma majani makavu, nikafukiza ndani, kama wanavyofukizaka vibuyu vya maziwa. Na sababu nilionaka wachungaji wakipakaa ng'ombe wanamusemesha, na mimi nikasemesha. "Tulia, mama. Tulia, muzuri wangu." Nani angejua kama kiti inasikia?

Ikang'ara! Ikawa laini kama shavu la mutoto. Na ikawa na moto, kama mwili wa muntu. Nikasema ni moshi. Asubuhi, mbele ya jua kutoka, ilikuwa ingali na moto. Nikasema ni bahati.

Nikapanda mulima kwenda Masisi. Ku ile mupando mbele ya Mushaki, ukungu ukafunga njia, motere ikazima yenyewe. Mu ukungu akatoka mama muzee na fimbo na chombo cha mti cha kukamulia.

"Mutoto wangu, nani alimupakaa?"

"Nani, Mama?"

"Bihogo, ng'ombe wangu."

Mulango sikuufungua, munisadiki. Nikamuona tu amechutama nyuma, chombo katikati ya magoti. Nikasikia: chwii, chwii, chwii. Harufu ya maziwa ikajaa. Nikaangalia mu kioo: kiti ilikuwa inapumua, inapanda inashuka, kama tumbo.

Ningekimbia? Na motokari ya patron ningeiachia nani?

"Muzungu alimunyanganya kwangu," akasema, "akamuchinja, akamukalia. Alilala muda murefu. Sasa umemuamusha. Kila muntu anayemukalia amusalimie kwanza na jina lake. Asiposalimia, shauri yake."

Akanipa maziwa, nikakunywa. Ilikuwa tamu, na ile njo inaniuma mpaka leo. Nikarudisha chombo, mukono yangu ikashika ukungu tu, na motere ikawaka yenyewe.

Mushaki nikasimama, nikaelezea wamama wanaouzaka viazi ku njia. Mumoja akaweka mukono ku kichwa.

"Ule ni Mama Venansia! Alikamuaka ku ferme. Tulimuzika mbele ya uhuru."

"Alikupa maziwa?" mwingine akauliza. "Uko na bahati. Sisi alitunyimaka hata akiwa muzima."

Masisi, Administratere akatoka mu suruali nyeupe. Papa Anakle akafungua mulango wa nyuma, akapitisha mukono ku ngozi, akanipigia jicho: kazi ni yako. Niambieni, ningenyamaza? Angekaa, angeumia, wangesema ni mimi. Nikavua kofia.

"Papa Administratere, pole sana. Salimia kiti kwanza. Anaitwa Bihogo."

Papa Anakle akakauka kama samaki. Administratere akaniangalia kama muntu mwenye malaria. Akasema mu kifaransa maneno sikusikia, akakaa na nguvu yote.

Kiti ikapiga teke.

Moja tu. Akaruka, akapita mulango, akaangukia matope uso mbele. Ku suruali, nyuma, kwato mbili za siagi, wazi kabisa. Watoto wa soko walizihesabu kwa sauti.

Kazi iliisha pale pale. Papa Anakle alisema nilimuloga Administratere. Mimi! Yeye alininyima dawa ya mu kopo, Jerve alinipa akili ya kichaa, lakini jembe limerudi mu mukono wa nani? Ile kiti aliing'oa, akaitupa ku malisho ya Mushaki. Ng'ombe wanairambaka, wanalala kuizunguka. Na mimi nikipita njia ile na fungu ya maharagi, wote wanasimama, wananisindikiza mpaka ku soko. Munajua haya ninayoona?

Wewe mwenye motokari ya ngozi, nisikie. Panguza, kausha ku kivuli, nunua dawa yake. Siagi acha ku sahani. Maneno matamu pelekea bibi yako. Na ukikuta kiti iko na moto mbele ya jua kutoka, salimia, hata kama watu wanaangalia. Administratere aliona haya kusalimia. Mpaka leo anakaaka na tako moja.