Maungamo Ndani ya Sweta la Skola

Nitawasimulia, ila mnicheke leo mmalize, kwa sababu mpaka sasa nikipita mtaa wa Izia kuna watu wananiita "Mwanachuo", na si kwa heshima.

Mimi shule niliiacha darasa la sita. Nimebeba mizigo bandarini Kasanga, nimeuza viatu vya mtumba Chala, na mwaka huu nikapata kibarua cha kupaka rangi kwenye chuo kimoja kidogo cha ustawi wa jamii hapa Sumbawanga. Kazi ya siku kumi nikaifanya wiki tano, kwa kuwa nilikuwa nimenasa kwenye dirisha la darasa la Madam Sikazwe (msimamizi alidhani nina umakini). Humo ndani walibishana mambo niliyoyaishi bila kujua kwamba yana mwalimu: kwamba maskini haombi huruma, anadai haki yake; kwamba ukienda kumsaidia mtu, unaanza kwa kumuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Nilikuwa narudi nyumbani nimejaa kichwa, tumbo halina kitu, na nimeridhika.

Basi ikafika siku ya wakaguzi wa ithibati. Chuo kikikosa ile karatasi kinafungwa, na wanafunzi wote ishirini na wanne wanarudi makwao na masomo nusu. Mafundi tuliambiwa tusionekane. Lakini upepo siku hiyo ulikuwa mkali, madirisha yakafungwa, nikawa naona midomo tu inacheza, sisikii neno. Halafu nikaona kiti kimoja nyuma kiko tupu, kimening'inizwa sweta la chuo. Nikajiambia, dakika tano tu. Madam alipotoka kuwapokea wageni, nikaingia, nikalivaa lile sweta kuficha shati lenye rangi (mikono yake iliniishia kwenye viwiko), nikakaa.

Mkaguzi mkuu alikuwa mama mtu mzima, miwani kwenye ncha ya pua. Akahesabu vichwa, ishirini na nne, akaandika. Kisha akanyanyua kalamu.

"Kaka wa nyuma. Mlipokwenda vijijini kwa mafunzo ya vitendo, wewe ulifanya nini?"

Ningesema mimi fundi rangi, mkasa ungeishia hapo. Madam alikuwa ananitazama kama mtu aliyeona mbuzi altareni. Lakini swali lile jibu lake nilikuwa nalo, na tangu darasa la sita hakuna aliyewahi kuniuliza swali ninalolijua. Nikasimama. Nikaeleza habari ya Mama Yustina, asiyeweza kutembea, aliyekosa kuandikwa kwenye orodha ya kaya za kusaidiwa kwa sababu mkutano ulifanyika kilimani, na jinsi nilivyombembeleza mwenyekiti wa kijiji mpaka akaurudia mkutano uani kwa mama huyo. Mkaguzi anaandika tu. Nikanogewa, nikaongeza kwamba nililia.

Mlango ukafunguka. Akaingia msichana ana vumbi hadi kwenye nyusi, akapiga goti na makofi yale mepesi ya salamu ya Kifipa, akasema, "Shikamooni. Samahanini kwa kuchelewa." Kisha akaniona.

"Fundi, hilo si sweta langu?"

"Na wewe ni nani?" mkaguzi akauliza.

"Skola, mama. Nimetoka kumsindikiza Mama Yustina ofisini, leo ndiyo wanamwandika. Nilimwahidi kabla sijajua kama mnakuja."

Mkaguzi akafunika kalamu yake. "Madam, chuo chako kinakodi wanafunzi?"

Nikaona watu ishirini na wanne wanafunga mabegi kwa sababu yangu. Nikasema nivue sweta kwanza, lakini rangi ya shati ilikuwa mbichi, likagandana nalo, likanikwama kichwani, mikono juu, tumbo nje. Ikabidi niungame humo humo gizani, kama kwa padri.

"Mama, mimi napaka rangi. Hakuna aliyenikodi. Kazi ile kaifanya huyu dada, mimi nilisikilizia dirishani. Na sikulia."

Darasa zima likaangua kicheko. Skola akaja kunivuta. "Inama, kaka, utanichania."

Nilipotoa kichwa, nilitegemea Madam aseme niitiwe mgambo. Badala yake akamwambia mkaguzi, "Kosa ni langu, nilimwona amekaa nikanyamaza. Andika ishirini na tatu. Skola naye mwandike amechelewa."

Mkaguzi akamgeukia Skola. "Ulijua leo kuna ukaguzi, bado ukaenda?"

"Ndivyo tunavyofundishwa humu, mama."

Kalamu ikafunuliwa tena. Ithibati ilitoka, na sharti moja: kila kipindi waite majina.

Nimeapa sitavaa tena sweta la mtu, wala kutia "mimi" kwenye kazi ya mwenzangu, maana wale wanafunzi wanayatenda niliyokuwa nayasikiliza tu. Madam siku hizi dirisha analiacha wazi hata kukiwa na upepo, nami fremu yake bado naipaka. Msimamizi akiuliza, namwambia hali ya hewa ya huku inachubua rangi.