Nyuma ya Picha ya Kumi na Saba

Jukwaa letu la mtandaoni halipokei picha. Aliyelianzisha, kijana wa kwetu anayeishi Mwanza, alisema picha zinamaliza bando za wazee. Mwenye picha aziweke kwenye albamu yake huko mtandaoni, aandike ujumbe mfupi jukwaani na kubandika linki chini yake. Anayetaka kuona abonyeze. Asiyetaka aendelee na salamu na matangazo ya misiba.

Mimi nilikuwa wa salamu na misiba. Nasoma kila kitu, naandika kidogo. Ni katekista mstaafu wa Buganguzi, nina kibanja cha migomba na kahawa, macho yangu bado yananitii, na simu nilinunuliwa na binti yangu aliye muuguzi Muleba mjini. Namshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini sikuwa na albamu mtandaoni, na yuko mzee wa Kemondo ambaye alikuwa nazo nyingi.

Huyo mzee alikuwa karani bandarini. Tulifahamiana kwa mbali, kama watu wa rika moja wanaokutana kwenye jubilei na mazishi. Alipojifunza kubandika linki hakukamatika tena. Leo albamu ya meli za zamani, kesho albamu ya mavuno ya senene, wale panzi wa kuliwa, keshokutwa albamu ya ubatizo wa vitukuu. Chini ya kila linki watu walimiminika: "Mungu akuzidishie, mzee wetu." "Wewe ni hazina." Mimi, niliyetunza madaftari ya ubatizo ya kigango kwa miaka thelathini na mbili bila kupoteza ukurasa, hakuna aliyewahi kuniita hazina. Nilikuwa nafungua linki zake zote, naangalia kila picha, halafu naondoka bila kuandika hata amina. Ule ulikuwa wivu. Nautaja kwa jina lake, maana niliwafundisha wengine kwamba dhambi huungamwa kwa jina lake.

Basi Jumatatu moja, baada ya sala ya asubuhi, nikaona kabandika linki mpya: "Kumbukumbu za kwaya yetu ya ujana." Nikabonyeza. Picha ya kwanza hadi ya kumi na sita zilikuwa vijana wamepanga mistari mbele ya kanisa, suruali pana chini, nywele nyingi. Picha ya kumi na saba alikuwa mke wangu.

Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Nilimuoa akiwa na miaka ishirini na mbili, na picha yake ya zamani kuliko zote niliyonayo ni ya siku ya ndoa. Mpiga picha alituambia tusitikisike, naye hakutikisika. Ameangalia mbele kama mtu anayesomewa hukumu. Zilizofuata zote ni hivyo hivyo. Hii ya albamu ya karani ilikuwa ya studio ya Bukoba. Amesimama kando ya meza ndogo yenye maua ya plastiki, gauni lenye kola nyeupe, kichwa kimeinama kidogo upande, na anacheka. Mwanya wake wote unaonekana. Huyo msichana sikuwahi kumwona.

Chini yake karani aliandika: "Sauti ya kwanza wetu." Basi. Hakutaja jina, wala hakusema ni mke wa nani. Watu nao wakaanza.

"Kumbe zamani kulikuwa na warembo!"

"Mzee, huyu ndiye aliyekuponyoka?"

Na yeye akajibu: "Ha ha! Mungu ndiye ajuaye."

Nilikisoma hicho kijibu mpaka uji ukapoa.

Watu wa rika langu wataelewa kilichonisumbua. Zamani hizo hukupiga picha studio ili uitazame mwenyewe. Ulipiga ili umpe mtu. Na hukuitoa tupu. Uliigeuza, ukaandika nyuma kwa kalamu: ni ya nani, kutoka kwa nani, na maneno ya ukumbusho. Picha ya mkononi ilikuwa barua yenye sura upande mmoja. Albamu ya mtandaoni ilinionyesha sura tu. Maneno yalibaki Kemondo, nyumbani kwa mwanamume mwingine, nami nilitaka kuyajua kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu nimzike.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Nilipalilia migomba nikiwa nalo, nilisali rozari nikiwa nalo, likaingia katikati ya mafumbo. Watoto wa mafundisho nilikuwa nawafundisha amri kumi kwa vidole, na cha mwisho ni kutotamani mali ya jirani. Hapa nikakwama na kidole changu mwenyewe. Picha ilikuwa mali ya jirani. Aliyemo ndani yake alikuwa mke wangu. Ni nani kati yetu aliyetamani cha mwenzake?

Siku ya nne nikaandika jukwaani, mbele ya watu wote: "Mzee mwenzangu wa Kemondo, huyo wa picha ya kumi na saba ni marehemu mke wangu. Nyuma ya picha hiyo pameandikwaje?"

Hata kijana wa Mwanza hakuweka kidole gumba. Jioni karani akajibu: "Katekista, njoo ujionee mwenyewe. Kemondo si mbali."

Hatuendi kwa mtu mikono mitupu. Asubuhi niliingia kibanjani kukata mkungu wa ndizi, nikapita mikungu mitatu mizuri na kukata mdogo. Nilijua ninachofanya. Nikapanda gari la Bukoba, nikashuka Kemondo na mkungu wangu ndani ya kiroba.

Aliyenifungulia mlango ni mke wa karani, mama mnene mwenye sauti ya kuita mtu upande wa pili wa ziwa. Tulikuwa tumekutana mara moja tu, siku ya mazishi ya mke wangu. Akapokea kiroba, akachungulia ndani.

"Shemeji, Buganguzi mmepatwa na ukame?"

"Mvua ipo, mama."

"Basi huu mkungu mmeuvuna kwa huruma. Ulikuwa bado unanyonya." Akacheka, akaenda nao jikoni.

Karani alikuwa amekaa sebuleni, mguu mmoja juu ya kigoda. Miguu inamsumbua siku hizi. Hakuweza kusimama, akanipa mikono miwili.

"Nisamehe, Katekista. Ule ulikuwa utani wa wazee. Nilisahau kuwa uko jukwaani. Huwa huandiki kitu."

"Nasoma."

"Ndiyo. Nimejua sasa kwamba unasoma."

Mama akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, tukachukua punje mbili mbili. Kisha, bila kuambiwa, akaleta albamu, kama mgeni yeyote anavyoletewa ili asikae bure wakati chakula kinapikwa. Ilikuwa ile ya zamani yenye kurasa za gundi na plastiki juu. Akaifungua moja kwa moja kwenye ukurasa wa picha ile.

Nikamwona tena, mdogo kama kiganja. Ana kwa ana alicheka zaidi kuliko kwenye simu.

"Toa tuone," nikasema. Nilijitahidi sauti itoke ya kawaida.

"Haitoki," karani akasema. "Imeganda. Hata ile ya mtandaoni nilipiga ukurasa na simu hivi hivi, juu ya plastiki. Sijaiona nyuma yake tangu mama huyu aibandike, na hapo hata mtoto wetu wa kwanza alikuwa hajazaliwa."

Nikamgeukia mke wake. "Wewe ndiye uliyeibandika?"

"Nani mwingine? Mwanamume anajua kubandika? Niliikuta kwenye sanduku lake nilipoolewa."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika siku nzima. Nikamtilia chumvi nyingi kwenye maharage. Halafu nikaigeuza nikasoma." Akamtazama mumewe, akanitazama mimi. "Shemeji, unadhani ningeiweka kwenye albamu yangu bila kusoma?"

"Imeandikwaje?"

"Aa, hapana. Umetoka Buganguzi. Soma kwa macho yako."

Akaenda chumbani, akarudi na uzi wa kushonea. Akauvuta ukanyooka kati ya mikono miwili, akauingiza chini ya kona ya picha na kuanza kuupeleka mbele na nyuma, polepole, kama mtu anayekata sabuni ya mche. Gundi ilikuwa inalia. Mimi nilikuwa nimeshika magoti yangu. Nilisali, nakiri, lakini sikujua niombe nini. Niombe pasiwe na maneno ya mapenzi? Kama yapo, yapo. Sala haifuti wino. Niombe moyo wa kuyapokea? Moyo huo sikuutaka. Nilitaka kushinda.

Picha ikatoka. Mama akanikabidhi ikiwa imelala kifudifudi.

Mwandiko nilioujua. Ile herufi yake ya *k* yenye mguu mrefu, niliyoiona kwenye orodha za sokoni miaka yote ya ndoa yetu. Wino umekuwa wa kahawia, lakini unasomeka:

"Kwa kaka yangu wa kwaya. Barua yako nimeisoma mara mbili. Jibu ni hapana. Lakini Jumapili usikose, maana bila wewe sauti ya nne itabaki ni kikohozi cha mwenyekiti."

Nikasoma kwa sauti. Karani akaangua kicheko mpaka mguu ukadondoka kutoka kwenye kigoda.

"Kikohozi cha mwenyekiti! Mungu wangu, nilikuwa nimesahau! Yule mzee alikuwa anakohoa kila tukifika wimbo wa Utukufu!"

"Na ulikwenda?" nikamuuliza.

"Wapi?"

"Jumapili. Ulikwenda kuimba?"

"Nilikwenda. Nilikuwa nimepanga nisiende mpaka nife. Lakini utakataaje kwenda, mtu amekuambia hivyo? Nilipoingia, yeye akanikoholea kutoka kwenye mstari wa mbele. Kwaya nzima ikacheka, padri akatugeukia."

"Mimi simchukii," mama akaongeza. "Kwa nini nimchukie? Aliyesema hapana ndiye aliyenipa mume."

Ningepaswa kufurahi, na nilifurahi, kwa muda wa kutafuna punje moja ya kahawa. Jibu lilikuwa hapana. Mimi ndiye niliyepewa ndiyo. Lakini wivu uliokuwa umekaa upande mmoja wa kifua ulihamia upande wa pili, na huko ukakuta mahali pake hasa.

Mke wangu hakuwahi kuniandikia utani. Hakuwahi kukohoa ili nicheke. Nyumbani kwetu alikuwa mama mpole, wa maneno machache, na watu walimsifia hilo, nami nilijivunia. Pale sebuleni Kemondo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho sikuwa nimekikumbuka kwa miaka. Tulikuwa na miezi miwili ya ndoa. Tulitoka kanisani, akina mama wakamsimulia jambo, akacheka kwa nguvu, kichwa nyuma, mkono kifuani. Nilikuwa katekista mpya, kijana, nikiogopa watu watasemaje. Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Mke wa katekista hacheki hivyo barabarani." Sikumkaripia. Nilisema taratibu, kwa upendo, nilivyodhani. Yeye akajibu, "Sawa." Alikuwa mtu wa kushika neno.

Nikawaeleza. Sijui kwa nini. Karani akaacha kucheka. Mama akaichukua ile picha mkononi mwangu, akaifuta gundi kwa upindo wa kanga, akanirudishia.

"Ulikuwa mtoto, shemeji," akasema. "Wote mlikuwa watoto."

Karani akavuta simu yake. "Nifute ile linki? Nikiitoa kwenye albamu, hakuna atakayeiona tena. Na picha uichukue. Ni haki yako."

Huo ndio ushindi niliokuwa nimeufuata. Nilikaa nao mkononi. Nikafikiria kuiweka nyumbani, kwenye fremu, kando ya ile ya ndoa. Msichana anayecheka na bibi harusi anayesomewa hukumu, na mimi nikiwapita kila asubuhi nikienda kusali. Alichoandika hakuniandikia mimi. Picha alimpa huyu mtu, naye aliitunza vizuri, na mke wake akaitunza vizuri zaidi.

"Picha ibaki hapa," nikasema. "Alimpa aliyempa. Na linki iache. Ila piga na nyuma yake, uweke ya kumi na nane. Andika jina lake. Andika na jina la mume wake."

Akapiga. Akarudia mara tatu mpaka maandishi yakasomeka. Akaandika majina yetu mawili, akabandika linki jukwaani. Haikupita dakika, simu yake ikaanza kulia, yangu pia mfukoni. Mama akatuambia ndizi zimeiva, japo hazitoshi mdomo mmoja, tusogee mezani.

Sikusogea. Nilikuwa nataka kitu kingine, na nilijua kitaniuma.

"Huko kwenye kwaya," nikamwambia karani, "alikuwa anafanya nini kingine?"

"Yeye? Aa, Katekista, tutakesha. Alikuwa anamwigiza mwalimu wa kwaya anavyopanda baiskeli."

"Anavyopandaje?"

Akanieleza, na kwa mikono akanionyesha kanzu inavyonasa kwenye mnyororo. Nikacheka. Ndani nilikuwa naungua, kwa sababu yeye alikuwepo na mimi sikuwepo, na nilipokuwepo nilimwambia aache.

"Endelea," nikasema. "Na kingine?"