Wagonjwa Wasiokuwa Daftarini

Siku ile naikumbuka kwa ukungu wake, mwanangu. Ziwa lilikuwa jeupe kama uji, na mashua yetu ilijipenyeza taratibu katikati ya magugu maji, hata nikaona kama sisi tumesimama na kisiwa ndicho kinachotujia. Nilikuwa binti mdogo, mtunza stoo ya dawa za wilaya, nakaa mtaa wa Pasiansi kule mjini, na nilijiona nina akili sana. Nikijikumbuka nacheka.

Miaka ile dawa zilifika zahanati kwa maboksi, kila zahanati boksi moja kwa mwezi. Soko huria lilikuwa limeingia, maduka ya dawa yamefunguliwa mjini kila kona, lakini visiwani hapakuwa na duka hata moja. Huko watu walitegemea boksi tu. Basi mimi nikapendekeza mgao mpya: zahanati yenye wagonjwa wengi daftarini iongezewe, yenye wachache ipunguziwe. Wakubwa wangu wakanisifu. Zahanati za mjini zikapata boksi na nusu. Kisiwa kile, chenye majina machache, kikapata nusu boksi, na siku hiyo nilikuwa nalipeleka mwenyewe.

Aliyenipokea ni Bibi Kabula, mkunga mzee aliyebaki peke yake pale baada ya mganga kuhamishwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akalitazama lile boksi. Nikamfungulia daftari lake mwenyewe ili aone kwamba sikumwonea: mwezi mzima, kurasa mbili tu.

Hakubishana nami. Alichukua kitambaa cheupe, akakipandisha kwenye mlingoti mrefu nje ya zahanati, akaniambia nikae kwenye benchi ningoje. Nilipomuuliza kitambaa ni cha nini, akanieleza kuwa ndiyo desturi yao: dawa zikiwepo kinapanda, zikiisha kinashuka, na hata boksi zima halikumaliza siku mbili; ndivyo ilivyokuwa ili mtu asitembee nusu siku amebeba mgonjwa bure.

Ukungu ukainuka, kitambaa kikaonekana, na watu wakaanza kutokea. Sijui nikusimulie vipi, mwanangu. Wengine walitoka kwenye mashamba ya mihogo, wengine walikuja kwa mitumbwi wakiyasukuma magugu kwa makasia, wamejifunika vitenge. Nilidhani naota. Kabla ya adhuhuri benchi lilikuwa limejaa, uwanja umejaa, na boksi langu ni tupu.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja, Nyamizi, na mtoto mgongoni aliyekuwa anachemka kwa homa. Bibi Kabula akakishusha kitambaa mbele yake. Kisha akanigeukia.

"Binti yangu, daftari linawajua waliofika," alisema taratibu. "Hawa waliobaki nyumbani kwa sababu hakuna dawa, wewe uliwaandika wapi?"

Aibu ile ninayo mpaka leo. Nilimpandisha Nyamizi kwenye mashua, nikampakata mtoto wake njia nzima hadi hospitali ya mjini, na magugu yalituchelewesha mno. Mtoto alipona, lakini masikio yake hayakusikia tena. Mama yake hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mwezi uliofuata niliuandika mgao upya, nikianza na mahali pasipo duka wala barabara. Watu wa mjini walinuna, wengine wakaacha hata kunisalimia. Nikavumilia.

Sasa nasikia na wewe umewekwa kwenye kamati ya kugawa fedha za afya mikoani. Watakuletea karatasi safi zenye idadi ya wagonjwa, na mkoa wenye hospitali kubwa utaonekana ndio wenye shida kuliko wote. Usikubali haraka. Mkoa ulio kimya, uliza kwanza kwa nini uko kimya. Ukiweza, nenda ukakae kwenye benchi lao asubuhi moja. Na ukikosea, maana utakosea tu kama mimi, rekebisha mapema, usingoje mtu akulaumu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moyo wa kuwakumbuka wasiofika. Na popote mkono wako utakapogawa, kitambaa kisishushwe tena mbele ya mtoto wa mtu.