Mto Usiojua Kunyamaza

Mtaa mzima ulimwita Mama Mkono, na jina hilo hakulipata kwa cherehani, ingawa cherehani ndiyo iliyomlisha. Alilipata kwa mchuzi. Aliyeuonja alifumba macho kwanza, ndipo akasema, "Huyu mama ana mkono!" Mama mkwe wake, aliyeishi nyumba ya tatu na hakukosa hata siku moja saa ya chakula, alikuwa na neno lake: "Nilimfundisha mimi. Nyanya anasaga mwenyewe, viungo anatwanga mwenyewe. Pakiti haivuki kizingiti cha nyumba hii."

Pakiti zilivuka. Zilivuka ndani ya mkoba wa vitambaa, chini ya sare za shule. Mwanamke anayeshona sare thelathini kwa wiki, pindo na vifungo juu yake, atatwanga saa ngapi? Nyanya ilitoka kwenye pakiti, viungo kwenye pakiti, hata vitunguu vilikuwa vimekaangwa na mtu asiyemjua. Shida ilikuwa pakiti tupu. Jalala la mtaa lina macho, na mzoa taka ana mdomo. Basi Mama Mkono akafanya kazi anayoijua: aliziosha, akazianika nyuma ya pazia, akazijaza kwenye mito ya viti, akashona. Kwa miaka tisa mito ilinenepa na kuongezeka mpaka wageni wakawa wanakaa ukingoni kama ndege kwenye waya. Mumewe, fundi redio, alijua. Lakini yeye alikuwa mtu wa kula na kunyamaza.

Ndipo akaja mtafiti, mwanamume wa makamo mwenye mizani ya ndoano na jalada la fomu.

"Tunapima gesijoto zinazotokana na vifungashio vya chakula," alisema. "Ukanda mzima, nchi kumi na moja."

"Gesi?" mume alidakia. "Basi anza na mjomba wangu akishakula maharage!"

Mtafiti hakucheka. Ilionekana utani huo ameshaupokea kwenye kila mlango. Alieleza taratibu kwamba pakiti hutengenezwa kwa moto, husafirishwa kwa mafuta na huishia jalalani kwa moshi. Na gesi zake huifunika dunia kama blanketi linaloongezwa unene kila mwaka wakati aliyelala tayari anatokwa jasho. Akaacha gunia. Kila kifungashio cha chakula cha siku saba kiingie humo.

Siku ya saba gunia lilikuwa na mfuko mmoja wa chumvi na karatasi ya mkate. Mtafiti alipima mara tatu, akaigonga mizani, akapima tena.

"Gramu kumi na nne! Mama, sijaona nyumba kama hii. Kesho naja na kamera. Utakaa ukurasa wa mbele wa ripoti."

Kesho yake mama mkwe alifika amevaa kama anayekwenda kuposa. Alijitupa katikati ya kochi, juu ya mto wa kijani.

Chaka!

"Nini hicho?" aliuliza.

"Pumba, mama," alijibu Mama Mkono, kijasho chembamba kikimtoka.

"Pumba za wapi zinazopiga kelele hivi?" Akajisogeza kushoto. Chaka-chaka. Akajisogeza kulia. Chaka-chaka-chaka. "Labda panya. Bwana mtafiti, piga picha kabla panya hajatoka. Na andika kwamba nilimfundisha mimi."

Mtafiti aliinua kamera. "Mama, unajua uzito wa jambo hili? Hatuwezi kupima kila nyumba. Hii yako inasimama badala ya nyumba elfu arobaini."

Mama Mkono alishtuka. "Elfu arobaini?"

"Naam. Ripoti ndiyo itakayowabana wenye viwanda wapunguze vifungashio. Wakiona nyumba zote hizo hazina pakiti, watasema, mbona hakuna tatizo?"

Uongo wake ulikuwa mmoja, mdogo, wa sebuleni. Sasa aliwaona wanawake elfu arobaini kwenye cherehani zao, hakuna hata mmoja mwenye muda wa kutwanga, na yeye amewasemea wote uongo kwa mpigo. Kamera ilikuwa tayari. Angetabasamu tu, jina lake lingepona. Akachukua mkasi.

"Mama, simama kidogo."

"Nisimame kwa nini?"

"Umekalia wiki yangu nzima."

Akaupasua mto wa kijani. Pakiti za zile siku saba zikamwagika sakafuni, safi, zinameta. Mama mkwe akaokota moja, akaisogeza mbali na macho ili asome. "Nyanya... i-li-yo-sa-gwa." Akamgeukia mkwe wake. "Tangu lini?"

"Miaka tisa, mama."

"Na ule mchuzi wa harusi ya binti yangu, watu wakalamba sahani?"

"Pakiti hamsini na mbili. Ni ule mto wa bluu."

Mume alitazama dari kama aliyesikia redio inaharibika.

"Na sioni haya kwa pakiti, maana imeninusuru," Mama Mkono alisema, sauti ikipanda. "Naona haya kwa kudanganya. Lakini hebu tazama, bwana: nyanya za mchuzi mmoja zimevishwa plastiki, juu yake karatasi ya fedha, juu yake boksi. Ya nini? Mimi ni mshonaji. Mtoto mmoja hashonewi makoti matatu!"

Mtafiti aliiandika sentensi hiyo yote. Kisha akarudisha kamera mkobani, akapima: gramu mia sita na ishirini. Akakwama kwenye fomu. "Kuna safu ya vifungashio vilivyotumika tena. Sasa mto wa kukalia..."

"Jaza baadaye," mama mkwe alimkata. "Kwanza andika kwamba huyu sikumfundisha mimi."

Mama Mkono akaunyoshea mkasi mto mwekundu.

"We! Huo uache," mama mkwe alifoka. "Mgongo wangu umeshauzoea."

Akauvuta, akauegemea. Chaka. Akajitengeneza vizuri, akageuza uso kuelekea jikoni.

"Haya, mpakiti wewe, saa ya chakula si imefika?"