Jiwe la Juu ya Kilima

Nilipokuwa bado nafungiwa kaniki shingoni, zamani zile Wazungu walipoanza kuchimbachimba dhahabu upande wa Geita, nilivuka kilima na bibi yangu kwenda kumwona dada yangu Kabula. Alikuwa ameolewa ng'ambo, na alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Bibi alijitwika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mimi nikabeba kibuyu cha samli. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi ile, nikawa naona visigino vya bibi tu.

Kule juu palikuwa na lundo la mawe. Kila mpita njia aliokota jiwe, akalitemea mate, akaliweka pale, na uchovu wake ukabaki hapo. Bibi aliweka lake, kisha akanionya.

"Weka, mjukuu wangu. Lakini usichukue hata moja. Ukichukua jiwe umechukua uchovu wa mtu, nao utatafuta pa kukaa."

Nilisikia, haki ya Mungu nilisikia. Ila mjusi mdogo mwenye mkia wa buluu alikatiza mbele yangu akaingia chini ya jiwe bapa, nami nikaliinua. Mjusi alitoweka, akaniachia kipande cha mkia kikirukaruka peke yake. Lile jiwe likametameta. Bibi alikwisha kupotelea ukunguni, nikalifunga pindoni. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tulimkuta Kabula kalala, hawezi hata kumshika mtoto.

"Jana alikuwa uani anaota jua, anacheka," mama mkwe wake alisema. "Amebadilika tangu jogoo la kwanza."

Jogoo la kwanza! Mtu mzima angejua kwamba saa hiyo mimi nilikuwa bado nimelala kwetu. Mimi niliangua kilio, nikafungua pindo, nikasema yote.

Bibi hakunipiga. Alilitazama jiwe, akanyoosha mkono. "Lete. Nitalirudisha."

"Leo hii, mama? Na miguu hiyo?" mama mkwe akashangaa.

"Ndiyo hii hii iliyonileta."

Alipanda peke yake, akarudi alasiri akiwa ameloa, anatetemeka. Siku ya tatu Kabula aliketi, akaomba uji. Siku hiyo hiyo Bibi alishindwa kuamka. Hakuvuka tena kilima kile. Tulimzika huko huko kabla mtama haujakomaa.

Kabula, ambaye sasa naye ni bibi, hunicheka. Husema yeye alikuwa na homa ya uzazi, na Bibi alikuwa mzee aliyenyeshewa. Nakubali. Halafu nikikaa peke yangu sikubali tena, na sijui nishike lipi.

Ninalolijua ni moja. Jiwe lilikuwa dogo, lilienea kiganjani mwangu. Ningeweza kulibeba mwenyewe. Lakini Bibi aliponyoosha mkono nilimpa upesi, na nilifurahi kwamba si langu tena.