Kitambaa cha Kijani Juu ya Kinanda

Amefariki yule mpiga kinanda wa harusi, mazishi na mikutano ya injili ambaye watu wa Kitengela na Kajiado walimjua kwa sauti moja, kengele ya ng'ombe. Habari niliipata Jumatatu asubuhi kwa simu, kutoka kwa mwanamke anayepiga kinanda katika kwaya ya kanisa lake. Kabla sijasema pole, alikuwa amekwisha kuniambia kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mnyenyekevu, mwenye kipaji alichopewa na Mungu. Kwa maneno hayo hayo tumezika kila mtu ninayemkumbuka. Yanakuja yakiwa tayari, kama sauti ambazo kinanda hutoka nazo kiwandani: unabonyeza namba moja, watu wanatoa leso. Nilimwacha amalize. Ndipo akanieleza shida yake. Familia ilitaka ile kengele ipigwe kaburini, na ndani ya kinanda cha marehemu haikuwamo. "Wanasema zamani ulikuwa unakirekebisha, Dada. Labda unajua ilienda wapi." Nilijua ilikoenda, na nilijua ilikotoka. Wasomaji wa safu hii wanajua sina mazoea ya kumpamba mtu kwa sababu tu amekufa. Huyu nilimdharau akiwa hai, na kifo chake hakijanipa sababu ya kubadilisha maoni.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nachomelea waya katika kibanda cha fundi wa redio hapa Kitengela. Shule niliiacha kidato cha pili, mwaka ambao mama alimfuata baba, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na wadogo wanne na kila jamaa aliyekuja matangani alikuwa tayari kuchukua mmoja tu. Nikasema hatugawanywi. Fundi wangu, mzee wa Machakos aliyekuwa na maneno machache na macho mabovu, alinipa kiti na chuma cha kuchomelea, hakuniuliza cheti. Siku moja marehemu akaingia na kinanda chini ya kwapa, vitufe sita vikiwa havitoi sauti. Alikuwa amevaa suti asubuhi ya siku ya kazi. Akanitazama, kisha akamwambia mzee, "Hii kitu ni ya bei. Huyu msichana asiiguse." Mzee akajibu bila kuinua kichwa, "Huyo msichana ndiye macho yangu. Ukitaka niiguse mimi, nitakuchomea hata hiyo tai."

Mipira ya chini ya vitufe ilibidi iagizwe Nairobi, ikachukua wiki mbili. Kwa wiki hizo mbili, kila kazi ilipopungua, nilikiwasha. Sauti za kiwandani nilizimaliza siku ya kwanza: piano, filimbi, tarumbeta isiyofanana na tarumbeta. Siku ya pili niligundua kwamba kinanda kile kilikuwa na nafasi tupu, na kwamba mtu angeweza kuijaza kwa sauti yake mwenyewe, kuanzia chini kabisa. Unaanza na sauti mbichi, inayovuma kama nyuki ndani ya mkebe. Unaipunguza ukali. Unaamua itaanza ghafla au itapanda polepole, itakaa kiasi gani, itakufa vipi. Halafu unachukua sauti ya pili na kuifanya isukume ya kwanza, na hapo ndipo chuma kinapoanza kusikika. Yote hayo ni namba, kutoka sifuri hadi tisini na tisa, zinazoonekana katika kioo kidogo. Nilitaka kengele. Si ya kanisa. Ile ya bati nzito inayofungwa kwa mshipi shingoni mwa ng'ombe wa mbele, ambayo hailii ikaendelea bali inagonga na kunyamaza, kwa sababu shingo inaizuia. Nyuma ya daftari la hesabu la mdogo wangu niliandika kila namba niliyojaribu, na kila moja iliyoshindwa nikaikata kwa mstari. Majaribio ya mwanzo yalilia kama sufuria iliyoanguka. Alasiri ya siku ya tisa, mzee mmoja Mmaasai aliyekuwa akitoka sokoni kuuza ng'ombe alisimama mlangoni, akachungulia chini ya meza yetu. "Sopa," akatusalimu kwa Kimaasai. "Nani ameingiza ng'ombe humu?" Nilirudia kubonyeza. Akacheka hadi akashika mlango. "Hiyo ni ya ng'ombe mzee," akasema, "imelika upande mmoja." Katika maisha yangu sijapewa cheti kingine.

Marehemu alipokuja kuchukua mali yake, alinikuta nikiipiga ile kengele. "Hii ni namba gani?" akauliza. Nikamwambia haikutoka kiwandani, nimeitengeneza. Akamgeukia fundi. "Mzee, msichana wako amepigwa na stima?" Kisha kwangu, kwa upole ule wanaoutumia watu wenye tai: "Sikiza. Mimi niko na cheti cha muziki. Wewe shule ulifika wapi?" Nikamwambia. "Basi ilikuwa humo ndani, umeigonga tu kwa bahati." Akakibeba, na kengele yangu ikiwa ndani. Miezi miwili baadaye nilialikwa harusi Kajiado. Maharusi walipoingia, kengele ikalia kutoka kwenye spika, na wazee wa Kimaasai waliokaa nyuma wakageuza vichwa wote pamoja. Watu wakapiga vigelegele. Nilisogea mbele nimwone mpigaji. Alikuwa ametandika kitambaa cha kijani juu ya kile kioo na vitufe vya namba, kimekunjwa vizuri kama cha meza ya Bwana, ili asiyehusika asione. Mshereheshaji akamwuliza kwa kipaza sauti ameitoa wapi sauti hiyo. "Miaka mitatu ya utafiti," akasema, "na maombi."

Mtauliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza pia. Baada ya harusi ile alianza kuleta kinanda kibandani kila baada ya miezi michache "kisafishwe vumbi", na hakikuwa na vumbi. Akiondoka alikuwa akisema, "Ukikichezea kidogo si vibaya." Nilikichezea. Nilimtengenezea upepo unaopita kwenye waya wa ua, nikamtengenezea mngurumo wa injini ya kisima unavyosikika ukiwa bado mbali na maji. Sikuwa na njia nyingine ya kukaa na mashine kama ile, na sauti ilikuwa ndiyo kiingilio changu. Kwa hiyo dharau hii haimhusu yeye peke yake. Kidogo nimejiwekea mimi. Lakini kila sauti niliiandika daftarini, na kila mara nilimwonya: ndani ya mashine mna betri ndogo kama kifungo cha shati, ndiyo inayoshika kumbukumbu, na siku ikifa, kila kilichotengenezwa kitafutika, zibaki za kiwandani tu. Azinakili. Abadilishiwe betri mapema. Alikataa karatasi na akakataa bisibisi. "Ukiandika, kitu inatembea," alisema. Hakujua kwamba ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Wakati huo mji ulikuwa ukibadilika. Mbuga iliyokuwa wazi hadi Isinya ilikatwa viwanja, na katika kila kiwanja likaota lango lile lile jeusi lenye mikuki ya rangi ya dhahabu. Makanisa yakaongezeka, na kila kanisa likanunua kinanda, na kila kinanda kikapigwa kwa namba moja. Ukitembea Jumapili kutoka stendi hadi barabara ya Namanga, ungedhani ni ibada moja ndefu. Mimi sina ugomvi na vitu vya kununua; nimelea watoto wanne kwa sare za dukani. Ninachodharau ni mtu anayeamini kwamba kitu kikitengenezwa hapa, na mtu anayemjua, aliyeacha shule, basi hakikutengenezwa bali kiliokotwa. Marehemu hakuwa mwizi wa ajabu. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa wa mji huu, na hilo ndilo baya zaidi ninaloweza kusema juu yake.

Miaka michache baada ya mwaka elfu mbili, betri ilikufa. Alikuwa katika mkutano wa injili Kiserian. Akabonyeza, na badala ya kengele ikatoka piano. Kesho yake alikuwa kibandani, bila tai. Kwa mara ya kwanza aliniita dada. "Dada, zimeenda zote." Nikatoa daftari na kuliweka mezani. Akanyoosha mkono, nikaweka wangu juu ya jalada. Sikumwomba chochote ila neno moja. Jumapili ijayo, mbele ya bendi yake, aseme ni nani aliyeitengeneza. Akaurudisha mkono wake, huku fundi akijifanya anatafuta skrubu. "Na watu watasema nini?" akauliza hatimaye. "Watasema ulikuwa na fundi mzuri," nikamjibu. Akachukua kinanda chake akaondoka. Hakurudi tena. Kwa miaka yote iliyobaki alipiga zile za kiwandani, Ngong, Kiserian, Kajiado, na mara mbili nilimwona kwa macho yangu: juu ya kioo bado alitandika kitambaa cha kijani. Mtu mzima alikuwa akificha namba moja, ambayo kila mtoto wa kwaya aliijua.

Ijumaa nilikwenda Kajiado kuzika, na daftari nilikuwa nalo mkobani. Kinanda kilikuwa kimewekwa kwenye meza karibu na jeneza, na kitambaa juu yake. Niliamua njiani kwamba nitaingiza namba, nisikilize mara moja, niende zangu bila kusema neno. Mwanamke wa kwaya akanitambulisha kwa mjane: "Huyu ndiye Dada wa Kitengela, wa redio." Mjane akaacha kunishika mkono. "Kumbe ni wewe," akasema. "Baba watoto alituambia. Kwamba kuna mwanamke Kitengela aliiba kengele yake, akafuta kwa mashine ili abaki nayo peke yake." Hakupaza sauti, lakini viti viwili vya mbele vilisikia. Kwa hiyo neno langu moja alikuwa amelitoa, nyumbani kwake, na alilitoa kinyume. Nilikuwa nimelea watoto wanne katika mji huu bila mtu kuniita mwizi, na sasa nilikuwa naitwa hivyo na mtu aliye ndani ya sanduku. Ningeweza kufunga mkoba nikaenda. Nilifungua daftari nikampa.

Aliligeuza mwanzo, akaona hesabu za mgawanyo na alama nyekundu za mwalimu. Akaligeuza nyuma. Ukurasa mzima ulikuwa na namba, nyingi zimekatwa, nyingine zimekatwa mara mbili, na chini kabisa safu moja iliyozungushiwa duara. Aliitazama kwa muda. Mjane huyu ni mshonaji, niliambiwa baadaye. Anajua karatasi ya kukatia kitambaa inavyokuwa kabla gauni halijatoka. "Hii ulikata kwa nini?" akauliza, kidole juu ya hamsini na tatu. "Ililia kama sufuria." "Na hii?" "Ilikataa kunyamaza. Kengele ya ng'ombe inanyamaza." Akafunga daftari, akalifungua tena. "Mtu akiiba," akasema polepole, si kwangu, "ananakili ile iliyo sawa tu." Kisha akasimama, akakiondoa kile kitambaa juu ya kinanda kwa mkono wake, akakikunja, na hakukiweka kwenye jeneza kama nilivyodhani atafanya. Alikipangusia vumbi la kioo, ili namba zionekane.

Niliziingiza watu wakitazama, moja baada ya nyingine, nikizitaja kwa sauti. Mwanamke wa kwaya alikuwa amesimama begani kwangu akiandika mgongoni mwa ratiba ya mazishi, ile yenye picha ya marehemu na maneno yale yale kuhusu mtu wa watu. Kengele ilipolia, mzee mmoja nyuma aligeuza kichwa kutafuta ng'ombe. Sijamsamehe marehemu, na sitajifanya. Alikuwa na sauti ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, akachagua kuipoteza kuliko kutamka jina la aliyeitengeneza, na hiyo nusu ya maisha yake aliyoifunika kwa kitambaa haina cha kurithiwa. Wanaojua kitu, nawaomba wakiache wazi, pamoja na namna walivyokosea kabla ya kukipata, maana hapo ndipo mwenzao anapojifunzia. Mwanamke wa kwaya alikuwa amemaliza ile safu yenye duara. Akanitazama, kalamu juu. "Na hizi zilizokatwa, Dada, niziache?" Nikamwambia aanze na hizo.